Majina ya Waliokosa Mazoezi

Jumamosi

Wanne tu. Mwezi jana kina mama walijaa ukumbi wa kanisa hapa Kangemi kwa mazoezi ya viungo ninayowaongoza. Leo ni wanne, na mmoja ni shosho, nyanya yangu, ambaye hawezi kunikataa. Tukibaki hivi, pasta atawapa kwaya ukumbi.

Nimechoka. Nilidhani ni baridi inawazuia, kumbe ni mimi. Walipoanza kupungua, nilikuwa naandika majina ya waliokosa kwenye grupu ya WhatsApp, vile tunafanyiwa shule. Kuwaongelesha naogopa. Kuandika ni rahisi.

Jioni nimempitia Mama Atieno, mmoja wa waliokosa, kwa kibanda chake cha mboga. Hakuacha kukata sukuma.

“Karibu, mwalimu wa zamu! Umekuja kunichapa?”

Wateja wakacheka.

“Goti lilikuwa limefura,” akasema, sasa kwa upole. “Si ungeniuliza tu, mtoto wangu?”

Na mimi ndiye nikitajwa darasani natamani kuingia chini ya dawati.

Nimefuta majina yote. Halafu nimempigia Mama Njoki, ambaye pia hakuja leo, nikakata kabla hajashika.

Nimepiga tena.