Wanasema Gau Atarudi Msimu wa Tano

Jumapili. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na rasharasha inakuja na kukatika, inakuja na kukatika. Niko nyumbani, huku juu Mbinga, nimejifunika miguu kwa blanketi la mama. Nimeshazoea joto la Liuli, kando ya ziwa, ninakofundisha. Nikipanda huku siku mbili tu, mifupa inalalamika.

Sijaandika hapa tangu Juni. Wachache mnaosoma blogu hii mnajua sababu, na asiyeijua ataijua sasa hivi.

Naandika leo kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu mtandaoni, na mimi ni mwalimu.

Mdogo wangu alikuwa anaitwa Gaudensi. Nyumbani tulimwita Gau. Alikuwa fundi simu, mwenye kibanda karibu na stendi ya Mbinga, lakini ukimwuliza kazi yake atakwambia ni mchambuzi. Alichambua katuni. Katuni moja tu: Bonde la Mbawa, ile ya vijana wanaopanda wanyama wenye mabawa na kupigana na mfalme anayekausha mito. Yeye aliitazama kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kisha akajirekodi akiielezea upya kwa Kiswahili, sehemu baada ya sehemu, kwa ajili ya wale wasioelewa. Alijirekodi kilimani, nyuma ya mibuni yetu, kwa kuwa ndiko mtandao unakoshika. Majirani waliokuwa wakipita na kuni walimsikia akipiga kelele peke yake, "Msikubali! Huyo mfalme ni mwongo!" Wakamwambia mama amtafutie mtoto wake maombi.

Mama alikuwa haipendi kabisa hiyo katuni. Alisema ni mambo ya mapepo. Lakini alikuwa anamwekea viazi vyake pembeni, vya moto, akishuka.

Mwisho wa msimu wa tatu, msichana mmoja anayeitwa Ilaru alitumbukia kwenye ufa wa ardhi pamoja na mnyama wake. Mashabiki wote walilia, wakakubali kuwa amekufa. Gau alikataa. Alitengeneza video ndefu akionyesha kila dalili: kivuli kilichopita ukutani, filimbi iliyosikika kwa mbali, manyoya kwenye maji. "Ilaru yu hai," alisema. "Msimu wa nne mtaniambia." Walimcheka sana. Kuna kijana anajiita Ngao, mwenye wafuasi wengi kuliko Gau, aliyemtengenezea kabisa video ya kumdhihaki: eti huko Mbinga kahawa imemlevya.

Gau alicheka naye. Alikuwa hivyo.

Mwezi Juni, tukiwa katikati ya kuvuna, alikwenda Songea kununua vioo vya simu. Alirudi na rafiki yake kwa pikipiki. Pale Kitai lori la makaa ya mawe likakosa breki. Rafiki yake alivunjika mguu. Gau hakufika hospitali.

Sina zaidi ya kusema juu ya siku hiyo.

Simu yake ilipatikana mfukoni mwake, inawaka. Tangu mazishi ninayo mimi. Naichaji, naibeba kwenye mkoba, naiweka mezani nikisahihisha madaftari. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Alhamisi wiki hii msimu wa nne ukatoka.

Mimi sikujua. Nilikuwa ofisini kwa walimu, saa ya chai, simu ya Gau ikaanza kutetemeka juu ya meza, ikawa haikomi. Nikaifungua. "MCHAMBUZI ULISEMAAA!" "Ilaru yupo hai, heshima yako mzee wa Mbinga." "Tulikucheka, tusamehe, wewe ni nabii." Binti mmoja alijirekodi akilia kwa furaha na kuliita jina lake. Walikuwa mamia. Watu waliokuwa wakimcheka walikuwa wanagombania sasa nani alimwamini kwanza.

Niliruka kwenye kiti. Kweli, niliruka. Nilicheka kwa sauti, nikachukua simu yangu nimpigie nimwambie. Ikaita ile iliyokuwa kwenye mkono wangu wa kushoto.

Walimu wenzangu waliinua vichwa. Nikaikata, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya darasa la tatu mpaka kengele ilipolia.

Jioni niliitazama hiyo sehemu ya kwanza kwenye simu yake hiyo hiyo. Ilaru anatoka kwenye ufa akiwa na nywele nyeupe, anatembea mpaka kambini, wenzake wanamkimbilia. Kila kitu kama Gau alivyosema. Hata filimbi.

Nilidhani nitakaa kimya, watu watachoka. Hawakuchoka. Ijumaa furaha ilishageuka. Mbona hatoi video? Mbona hajibu? "Amepata jina sasa anaringa." "Wabongo ndivyo tulivyo, ukimsifia mtu anavimba." Ngao naye akaandika kwamba mchambuzi wa kweli hakimbii mashabiki zake. Kuwasikia wakimwita Gau mwenye maringo, Gau ambaye alikuwa anatengeneza simu za wazee bure na bado anawapigia kuuliza kama zinashika chaji, hilo sikuliweza.

Nikaandika kwenye ukurasa wake, nikiwa stendi ya Liuli nasubiri gari la kupanda Mbinga: "Habari zenu. Mimi ni dada yake. Gaudensi alifariki mwezi Juni kwa ajali ya barabarani. Hakuona msimu huu. Asanteni kwa kumpenda. Mwombeeni."

Njia nzima sikuwa na mtandao. Nilipofika nyumbani na kuifungua simu, wachache walikuwa wametoa pole. Chini yao Ngao alikuwa ameandika:

"Msijali wadau. Atarudi msimu wa tano."

Na vile vijisura vya kucheka hadi machozi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Kila mmoja akaona ni mchezo. "Mwamba anatengeneza mwendelezo wake." "Tunamsubiri kwenye ufa." "Hii ni kiki ya kiwango, anatafuta jina." Mmoja alitengeneza picha ya Gau mwenye nywele nyeupe juu ya mnyama mwenye mabawa. Mwingine akasema, kama ni kweli, leta picha ya kaburi.

Leta picha ya kaburi. Aliandika hivyo, akaweka na alama ya moyo.

Naomba niwe mkweli kwenu. Sehemu fulani ya moyo wangu iliwaelewa. Walikuwa wametoka kumwona msichana akirudi kutoka kwa wafu wiki hiyo hiyo. Walikuwa wamefundishwa, na Gau mwenyewe akiwa mwalimu wao, kwamba usikubali haraka, tafuta dalili. Lakini kuelewa hakukunipa usingizi.

Leo baada ya misa nilikwenda kaburini na simu yake. Liko chini kidogo ya nyumba, mpakani mwa shamba, pale tulipomlaza baba miaka mingi nyuma. Udongo wa Gau bado haujakaa sawasawa. Msalaba ni wa mbao, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe, na mvua ya wiki hii imeanza kuichubua. Nikachuchumaa ili jina lionekane vizuri. Niliona aibu, lakini nilikuwa nimeshaamua.

"Unapiga picha ya nini?"

Mama alikuwa nyuma yangu na jembe lake. Bado alikuwa amevaa gauni la kanisani, kajifunga kanga juu yake. Amekuwa akija kupalilia hapo kila Jumapili. Mimi nilikuwa sijui.

"Kuna watu wanaitaka, mama."

"Watu gani wanaotaka kaburi la mwanangu?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka, kwa sababu ilibidi nianze na katuni. Mama akasikiliza akiwa ameegemea jembe. Nilipomaliza akasema, "Nisomee."

"Mama, acha."

"Skola. Nisomee."

Nikamsomea zile za Alhamisi kwanza, za sifa. Alitabasamu kidogo, akauliza hao watu ni wa wapi. Nikamwambia wengine Mwanza, wengine Tanga, mmoja yuko Omani anafanya kazi za ndani. Akasema, "Omani wanamjua Gau?" Kisha nikafika kwa Ngao. Nilifikiria kuiruka, lakini mama hajawahi kudanganyika kwa sauti yangu. Nikaisoma.

Mama aliitazama ile simu mkononi mwangu. Halafu akauliza, polepole sana:

"Wanasema atarudi?"

Na uso wake, jamani. Kwa kitambo kifupi uso wake ulifunguka kabisa.

"Wanatania, mama."

"Eeh," akasema. "Wanatania." Akainama, akang'oa jani moja lililokuwa karibu na msalaba, akalitupa. Akasema maneno kwa Kimatengo ambayo sitayaandika hapa, si matusi, ni ya kwake na Gau.

Kisha akajinyoosha. "Hiyo simu inachukua na maneno?"

"Inachukua."

"Basi iwashe na mimi niseme. Usiwapelekee kaburi. Kaburi si la kupelekwa."

Nilimrekodi amesimama pale pale, jembe mkononi. Hakujua atazame wapi, akawa ananitazama mimi juu ya simu. Nayaandika maneno yake kama yalivyo, kwa sababu huenda nitaiondoa ile video.

"Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama yake Gaudensi. Mtoto wangu amefariki. Nimemwosha, nimemzika. Nasikia mlikuwa mnamsikiliza. Mimi nilikuwa namwona pale juu anaongea, nikadhani anaongea peke yake. Kumbe mlikuwepo. Asanteni. Sasa msimwite tena, maana mkimwita na mimi nageuka. Asanteni sana."

Nilipanda kilimani, kwenye jiwe lake la kujirekodia, nikaituma. Nikakaa pale chini ya rasharasha mpaka iende.

Ilipokelewa. Wengi walinyamaza, kisha pole zikaanza kumiminika, na zilikuwa pole za kweli. Yule wa Omani aliandika kwamba bosi wake humpa saa moja ya kupumzika, na saa hiyo alikuwa anaitumia kumsikiliza Gau kwa sababu anaongea kama watu wa kwao. Mwingine alisema alilazwa muda mrefu na sauti hiyo ndiyo ilikuwa mgeni wake. Sikujua. Nadhani hata Gau hakujua. Ngao aliyafuta maneno yake yote bila kusema chochote, si samahani wala kwaheri. Sijui kama aliona haya au aliogopa tu watu watamgeuka.

Nilikuwa nimeanza kupumua. Nikaona neno jingine jipya juu kabisa:

"Bibi anaigiza vizuri. Mpeni tuzo."

Wengi walikuwa wamelipenda.

Nimefunga sehemu ya maoni. Nilitaka kuufuta ukurasa wote, kidole kilishafika kwenye kitufe. Lakini video zake zote zimo mle, na sauti yake haiko mahali pengine duniani. Kwa hiyo ukurasa upo, mlango umefungwa, na watu wanaendelea kusemana juu yetu kwingine, kwenye kurasa nisizoweza kuzifunga. Wapo wanaosema Gau yuko Dar anafanya kazi ya kampuni ya katuni. Wapo wanaosema yupo Afrika Kusini. Wamempa maisha marefu, hao watu.

Mchana huu tulikula ugali na dagaa niliowaleta kutoka ziwani. Mama hakuuliza walisemaje, na mimi sikumwambia habari ya tuzo. Alikuwa anachambua dagaa polepole, anawapanga pembeni ya sahani. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu aliyeita katuni mambo ya mapepo.

"Na huyo binti aliyerudi. Mama yake alimpokeaje?"

Nikafikiria. Niliikumbuka sehemu yote: kambi, wenzake wanakimbia, mnyama analia, muziki.

"Hawakumwonyesha mama yake."

"Hana mama?"

"Anaye. Yuko kijijini, mbali na kambi. Msimu wa kwanza alikuwepo."

"Basi hajaambiwa bado," mama akasema, kana kwamba tunamwongelea mtu wa jumuiya yetu. Akainuka kuanua nguo, mvua ilikuwa inarudi.

Sasa yuko jikoni, anapuliza moto, nasikia anakohoa kwa moshi. Kesho alfajiri nateremka Liuli, nina kipindi cha kwanza. Sehemu ya pili inatoka Alhamisi, nami nilikuwa nimeapa sitaitazama hiyo katuni tena maishani.

Nitaitazama. Najua mama ataniuliza. Na kama watampita tena yule mama wa Ilaru, kama hawatamtuma mtu hata mmoja kwenda kumwambia mwanawe karudi, mimi nitakuja kusema nini hapa jikoni?