Bwana, Bibi na Mama Mukwe Ndani ya Prizi

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Leo nilifunga prizi tatu, matundu ya kuchomeka umeme, mutaa wa Lubuye, kwa mujane mumoja mwenye friji mupya. Mbili za kwanza hazikuwa na shida. Ya tatu, ukuta ulibomoka kama mukate wa juzi. Saruji ya Kabimba ni nzuri, lakini fundi aliyejenga pale aliichanganya na sala tu. Niliziba. Nilikula bugali na ndagala wadogo wa ziwa. Nikarudi na vumbi ndani ya masikio.

Kumbe habari ilinitangulia nyumbani. Mama Feza, bibi yangu niliyemuoa, aliisikia sokoni. Kuanzia mwisho wa mwezi huu, fundi wa umeme asiye na karte ya ruhusa hagusi tena nyumba ya muntu. Nyumba aliyoitengeneza haitapewa kontere ya kupima umeme. Anayetaka karte afuate formasio darasani, kisha afanye egzame ya kupimwa.

Nilicheka. Hao wenye kutoa karte walikuwa hawajaota meno, mimi nilishapigwa na umeme mara za kutosha. Tunajuana, mimi na umeme.

Mama Feza hakucheka. Alisema: "Vizuri. Basi utapumuzika."

Alisema kwa furaha. Sikuipenda ile furaha.

Jumatano, tarehe 4

Nilienda biro ya kutoa karte kujiandikisha. Kijana wa pale aliniuliza: "Papa, unaandikisha mutoto wako?" Nikamujibu ndiyo, mutoto wangu ana jina kama langu, na tulizaliwa siku moja. Akaandika. Kisha akasimamisha kalamu. Kisha akafuta.

Diplome sina. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primeri, siku mwalimu alisema mapumuziko imekwisha na mimi nikaona bado. Lakini hata sisi wanatupokea. Nikafurahi.

Halafu nikasoma karatasi iliyobandikwa ukutani. Egzame ina sehemu mbili: kuandika, na kazi ya mukono. Kwenye kazi ya mukono, kitu cha kwanza: kutambua fili, waya za umeme, kwa rangi yake.

Furaha ikashuka kama maji ya muto Lukuga wakati wa kiangazi.

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna muntu. Bluu na kijani zimeoana ndani ya macho yangu, na manjano imefifia. Hawakuniomba ruhusa, hawakuleta mahari. Ni miaka michache sasa. Kahawia tu bado inanisalimia. Kazini hainisumbui: kila fili naipima, naifuata mupaka mahali inatokea, ndipo naifunga. Nachelewa, lakini sijachoma nyumba ya muntu. Sasa hawa wanataka macho.

Mama Feza hajui. Akijua, nimeshapumuzishwa. Nitakaa kwenye kiti cha nyuma ya nyumba nikihesabu kuku wa jirani. Afazali umeme uniue.

Jumatatu, tarehe 9

Formasio imeanza, ndani ya darasa la watoto. Magoti yangu hayaingii chini ya meza. Mafundi wote wa Kalemie wako pale, hata wale niliofikiri walishakufa.

Mwalimu ni mwanamuke, enjeniere, amezaliwa Manono. Ana miaka kama ya binti yangu wa mwisho. Viatu vyake ni visafi kupita sahani zetu. Tunamwita Mama Enjeniere. Sauti ndogo, lakini darasa linanyamaza.

Karibu yangu amekaa Papa Zakayo, muntu wa muji wa Baraka. Zamani alikuwa muvuvi. Haogopi mamba, anaogopa kalamu. Mama Enjeniere akaandika kwa Kifaransa majina ya fili tatu: konduktere ya fazi, konduktere ya netre, konduktere ya kulinda. Kwa Papa Zakayo konduktere ni dereva tu. Akaniinamia: "Mukubwa, hawa makonduktere watatu wanaendesha lori gani?"

Nilitolewa inje kwa sababu ya kucheka. Kwa umri wangu! Nilijisikia kijana.

Jumanne, tarehe 10

Leo Mama Enjeniere alifundisha ile fili ya tatu, tere, inayoshuka ndani ya udongo. Kusema kweli, nilikuwa naiona kama pambo la Wazungu, kama tai shingoni. Nyumba nyingi za hapa hazina. Leo alichora friji, akachora mutoto anashika friji, akatuonyesha umeme unapita wapi.  Nimejifunza kitu, na mwalimu hana hata mvi moja. Inauma kidogo, lakini ni kitamu.

Wenzangu hawakuelewa. Kifaransa kilikuwa kingi. Wakati wa mapumuziko nikawaambia hivi. Fazi, ya kahawia, ni bwana: ana hasira, ukimugusa anakupiga. Netre, ya bluu, ni bibi: ndiye anamurudisha bwana nyumbani. Tere, ya kijani na manjano, ni mama mukwe. Anakaa chini, haongei, muntu anaweza kufikiri hana kazi. Lakini siku bwana anarukwa na akili na kushika bati ya friji, mama mukwe anamuvuta chini, disjonkteri, ile ya kukata umeme, inaruka, watoto wanapona.

Papa Zakayo akauliza: "Na kwa nini hatumufungi pamoja na bibi? Si ni binti yake?"

"Heshima, Zakayo! Mama mukwe wako unalala naye chumba kimoja?"

"Mungu anikinge!"

"Basi. Ndani ya prizi naye ana mulango wake."

Wote wakaelewa. Hapa kwetu mama mukwe ukimuona njiani unakata kona, unapita kwa majani. Hakuna fundi atakayesahau.

Ijumaa, tarehe 13

Ugonjwa umeenea. Watu wazima, wenye wajukuu, wanafunga prizi wakisema chini chini: bwana, bibi, mama mukwe. Mama Enjeniere anaona tunacheka, hajui tunacheka nini. Anafikiri tunapenda somo.

Ilipofika zamu ya kusoma rangi nilijitolea kushika ngazi. Nilishika ngazi asubuhi yote. Hakuna muntu alikuwa juu yake.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Kanisani. Pasta alihubiri juu ya bwana na bibi kuvumiliana. Nyuma yangu Papa Zakayo akanongona: "Na mama mukwe amemuweka wapi? Nyumba hii itaungua." Benchi nzima ya mafundi ikatikisika. Mama Feza alinifinya hapa kwenye paja. Alama iko.

Nikajipima. Nikamuuliza bibi yangu, pole pole: nguo mupya za kwaya ni rangi gani? Akaniangalia sana. "Kijani," akasema. "Kwa nini?"

"Zinawapendeza."

Mimi ningeapa ni bluu. Wimbo wote uliobaki sikuusikia. Kama wakininyima karte, mimi ni nani? Papa nani? Papa wa kiti.

Jumatano, tarehe 18

Egzame ya kuandika. Nilitoka jasho, lakini niliandika. Wakauliza fili ya tatu inaitwaje, ina kazi gani, na kwa nini haifungwi pamoja na netre ndani ya prizi. Jina lake la Kifaransa lilinikimbia kabisa. Nikaandika la kwangu, lakini kwa Kifaransa, maana Kiswahili hawapokei, na ili nionekane nimesoma: belle-mère, mama mukwe. Na heshima yake yote nikaieleza.

Nilirudi nikipiga mluzi. Kesho kazi ya mukono. Nitaomba mvua, hata kama ni kiangazi.

Alhamisi, tarehe 19

Nimepata zaidi ya mvua: kazi ya mukono haikuanza.

Mama Enjeniere aliingia na karatasi zetu mukononi, uso umefungwa. Nyuma yake inspekteri aliyetoka Lubumbashi kutusimamia. Koti, miwani. Inspekteri akasema darasa zima limeandika neno moja lisilo ndani ya kitabu chochote cha umeme duniani. Wote. Belle-mère. "Kuna muntu mumoja amekosa," akasema, "na wengine wamechungulia. Kosa kama hili watu wawili hawawezi kulizaa kila mumoja peke yake."

Kesho tueleze. Tusipoeleza vizuri, egzame inafutwa kwa wote, na hakuna ingine mwaka huu.

 Halafu vichwa vikageuka kuniangalia, kimoja kimoja, kama mbuzi wanaangalia chumvi.

Papa Zakayo ana watoto saba na hana mutumbwi tena. Alikunja kofia yake, akaikunjua, akaikunja. Leo hakufanya muchezo hata mumoja.

Naogopa. Nikisimama mbele, yule mwenye miwani ataniuliza mupaka mwisho, na mwisho wake ni macho yangu. Nisiposimama, wote wanaanguka kwa ajili ya ulimi wangu. Mama Feza aliniuliza kwa nini sili. Nikamwambia samaki ana miba. Ilikuwa sombe, majani ya muhogo tu.

Ijumaa, tarehe 20

Nilisimama.

Niliomba fili tatu mezani. Nikaeleza ndoa yote: hasira ya bwana, kazi ya bibi, kimya cha mama mukwe, na mulango wake. Nilipofika kwenye kukata kona njiani, Mama Enjeniere aliinua karatasi akaficha uso. Karatasi zilitetemeka. Muntu wa Manono, anajua buko, ile miiko ya ukweni, ni nini. Anajua kwao mukwe anaweza kulala na njaa kuliko kula mbele ya mama wa bibi yake.

Inspekteri hakucheka. "Na mama mukwe akikatika?"

"Papa Inspekteri, basi hasira ya bwana yote inaishia kwa yule anayefungua friji kutafuta maji."

Akaandika. Akamuinua Papa Zakayo. Kofia aliikunja tena, lakini alijibu sawa. Akainua wengine watatu, bila kuchagua. Wote sawa. Akavua miwani, akasema hawa hawakuchungulia, hawa wamefundishwa. Egzame inabaki.

Kelele! Walinigonga mugongo mupaka nikakohoa. Nilikuwa muntu mukubwa kwa dakika moja.

Halafu akasema, kwa upole: "Vizuri, Papa. Sasa unipe mama mukwe."

Fili tatu mezani. Teste yangu ya kupima umeme kwenye mufuko, haisaidii: fili za mezani hazina umeme. Nikachukua moja, nikamupa. Alikuwa bibi. Darasa likacheka, likafikiri natania. Akazichanganya, akanyosha mukono tena. Nikamupa bibi tena. Kicheko kikafa nusu. Mara ya tatu sikuchukua kitu. Nilitazama viatu vya Mama Enjeniere.

"Papa, tangu lini?"

Nikarudi kushika ngazi, wenzangu wakafanya kazi ya mukono. 

Nyumbani nilimwambia Mama Feza yote. Bila muchezo. Alikuwa anachambua ndagala, hakuinua kichwa. Akasema: "Tangu mwaka jana unavaa soksi mbili ambazo hazijuani. Nilikuwa nangoja unipashe wewe mwenyewe, mupumbavu wangu."

Kisha akanipa ndagala nichambue. Hazina rangi nyingi, ndagala. Nilishukuru.

Jumamosi, tarehe 28

Matokeo. Wamepita karibu wote. Papa Zakayo alicheza ngoma ya kwao mbele ya biro, viatu mukononi, akibusu karte yake kama mutoto muchanga.

Jina langu halikusomwa. Nikaanza kuondoka, pole pole, ili isionekane nakimbia. Mama Enjeniere akaniita ndani. Inspekteri alikuwepo. Kuandika nimepita, na pointi nyingi. Mukono nimeanguka, kwa ajili ya rangi. Wamebishana juu yangu siku mbili, nilipenda kusikia hivyo.

Wamenipa karte yenye sharti. Niende kwa munganga wa macho. Nisifanye kazi peke yangu: kila mara awepo muntu wa pili anayeona rangi, asome kila fili kwa sauti, na mimi niipime juu ya hapo. Bila yeye, siwashi kitu.

Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja. Wana haki. Nikiwa mimi mwenye friji, ningetaka vile vile.

Nikauliza: huyu muntu wa pili lazima awe na diplome gani?

Mama Enjeniere akasoma karatasi tena, juu mupaka chini. Midomo yake ilikuwa inakataa kukaa sawa. "Haisemi diplome, Papa. Inasema macho."

Alhamisi, tarehe 10 mwezi wa saba

Kazi ndogo mutaa wa Kataki. Chumba na saluni ya wageni, ampuli mbili, prizi moja. Mwenye nyumba alitufungulia, akaenda ziwani.

Mama Feza alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kitenge chake kimefungwa vizuri, fili mukononi. Alisema mara tatu kwamba hii si kazi ya muntu mwenye akili. Hakuondoka.

Akainua moja kwenye mwanga wa mulango. "Kijani na manjano."

Nikapima. Mama mukwe. Mulango wake.

Akainua ya pili. "Bluu," akasema. Na kabla sijafungua kinywa: "Huyu ni mimi."

Nikapima. Kweli.

Ya kahawia hakuitaja. Alininyoshea tu, na kidevu akanielekezea mimi.

Nikafunga. Akaangalia ndani ya prizi, kwa muda mrefu, akasema sawa. Ndipo nikawasha. Ampuli ikawaka muchana, bila faida yoyote. Hatukuizima mara moja. Mwenye nyumba alichelewa, upepo wa ziwa ukawa unaingia, na sisi tukakaa.