Vidonge vya Kadha

Kisii mjini,
Ramadhani, baada ya adhuhuri.

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Vipi swaumu huko Kisauni? Magoti yanakuruhusu kusimama tarawehe, au umeshakubali kukalia kiti kama mdogo wangu Rukia alivyokuomba? Huku mvua inanyesha kila alasiri na tunafuturu tumejifunika mashali. Yusufu mzima, watoto wazima, nami mwili ni mzima, ila moyo bado haujatulia. Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyinyi mkipokea simu mnaiweka sauti ya juu mpaka jirani anaitikia salamu, na habari hii si ya jirani. Isomeni wewe na Rukia peke yenu.

Mama, kidogo tu Mzee Idi atutoke. Na kilichotaka kumwondoa ni dawa yake mwenyewe, aliyokuwa akiimeza kwa bidii na kwa uchaji Mungu. Mpaka leo nikikumbuka naduwaa.

Unamkumbuka vizuri bavyaa wangu, maana ndiye aliyekuja kuniposa kwa niaba ya mwanawe, akala samaki wako wote kisha akalalamika kuwa nazi ilizidi. Marehemu baba yake alikuwa Mnubi na mama yake Mkisii wa Gesima aliyesilimu alipoolewa. Kwa hiyo mzee huyu anaswali kwa Kiarabu, anauza vitambaa kwa Kiswahili, na akitaka kutukana anatumia Kikisii ili mimi nisijue.

Ramadhani ilipoanza alikuwa akilalamika ubavu unamchoma upande mmoja. Sote tulidhani ni kwa kubeba majora ya vitambaa dukani. Halafu asubuhi moja mavyaa, Bi Hawa, akanipigia ukelele niende nikaone. Malengelenge yalikuwa yamempanda kutoka mgongoni, yakapita chini ya kwapa, yakaja mpaka kifuani. Mkanda wa jeshi. Hapa watu wanauogopa kama wanavyouogopa huko kwetu. Wengine wananong'ona kwamba ni dalili ya ule ugonjwa, na wengine wanasema ncha mbili za mkanda zikiuzunguka mwili zikakutana, mtu hufa. Mzee aliliamini hili la pili. Alikuwa akijipima kwa kamba ya dukani, Mama, asubuhi na jioni, aone kama ncha zimekaribiana.

Yusufu hakungoja, alimpeleka kliniki siku ile ile. Daktari wa huko akawasifu kwa kuwahi, kwa kuwa dawa ya mkanda hufanya kazi vizuri ukiianza katika siku tatu za mwanzo. Akampa vidonge vinavyoitwa asiklovia, vikubwa vyeupe, akamwambia ameze kimoja mara tano kwa siku, anywe maji mengi, na asiache katikati hata akijiona amepona. Akamuuliza kama ana ugonjwa mwingine. Mzee akajibu kwamba yeye ni mzima kama dume la ng'ombe.

Mzima wapi. Presha anayo, na dawa yake anainunua kwa kemisti iliyo mbali na mtaa ili tusijue. Kisukari tumekuja kukigundua hospitali. Na kwa ajili ya yale maumivu ya ubavu alikuwa akinunua diklofenaki kwa kemisti nyingine tena, anameza kama njugu. Mficha maradhi kilio humfichua, nawe unajua hatukuwa mbali na kilio. Kuhusu kufunga hakuulizwa, naye hakusema.

Ile mara tano ilimfurahisha mno. Alirudi nyumbani akitwambia, "Hii dawa ni ya Kiislamu kabisa. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha." Sote tukacheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ilikuwa siku ya soko na duka limejaa. Malengelenge yalikuwa yameanza kukauka, kwa hiyo mzee alitaka kushika yadi yake kama kawaida. Alikuwa akiwapimia kitambaa akina mama watatu kutoka Ekerenyo, wa sare ya kanisa, huku akiwachekesha kwa Kikisii. Mara akaacha kupima. Akaanza kukipangusa kile kitambaa kwa kiganja, polepole, halafu kwa haraka.

"Siafu," akasema. "Toeni siafu, zimejaa."

Hapakuwa na hata mdudu mmoja. Mmoja wa wale wanawake akakiinua kitambaa, akakigeuza huku na huku. "Mzee, hii nguo iko safi. Unaona nini?"

Nikamkimbilia kutoka upande wa pili wa duka, nilikokuwa nikiuza. Mikono ilikuwa inamtetema, ulimi mzito. Akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniita, "Baba."

Nikamwambia, "Mzee, baba si ni wewe?" Nilidhani ni mzaha wake. Yule mwanamke wa Ekerenyo akanishika mkono. "Mama, kwetu baba ni mama. Huyu mzee anaita mama yake." Mama yake Mzee Idi alifariki kabla mimi sijaolewa. Naye alikuwa ananiangalia kwa shauku, kama mtoto anayengoja kubebwa, kisha miguu ikamlegea akakaa chini katikati ya majora.

Bi Hawa alikuja akiwa na chetezo cha ubani. Akasema ni jini, aletwe mtu amsomee. Nikamkumbusha kwamba Ramadhani mashetani hufungwa minyororo. Akanijibu bila kucheka, "Huyu walimsahau." Nami, sikufichi, nilikuwa tayari kuamini. Ni Yusufu aliyemnyanyua baba yake mgongoni, akamwingiza kwenye gari la jirani, tukaenda hospitali na ubani ukinuka kwenye nguo zetu.

Daktari aliyetupokea ni mwanamke wa hapa hapa, mtu wa kanisa, mpole, anaongea huku anafanya kazi. Alimuuliza mzee yuko wapi, mzee akasema yuko Gesima anachunga ng'ombe. Akamtazama ngozi, akauliza huu mkanda umetibiwa kwa dawa gani. Yusufu akamwonyesha boksi.

"Na alikuwa anakunywa namna gani?" akauliza.

Bi Hawa ndiye aliyejibu, na alijibu kwa fahari. "Daktari, mume wangu hajakosa hata kidonge kimoja. Mchana amefunga, lakini kila kilichompita alikilipa kadha baada ya futari."

"Alilipa nini? Alikuwa na deni ya dawa?"

Mavyaa akanigeukia nimfafanulie. Nikaanza kumweleza kwamba kwetu sisi, swala ikikupita kwa udhuru huiachi, unailipa baadaye, na huko kulipa ndiko kunakoitwa kadha. Hivyo mzee, kwa kuwa hakumeza cha adhuhuri wala cha alasiri, alikuwa akifuturu kwa tende, kisha anameza cha adhuhuri, cha alasiri na cha magharibi kwa pamoja. Nilikuwa naeleza vizuri tu, kama mwalimu wa madrasa, na katikati ya maneno nikasikia ninachokisema. Nikaanza kuhesabu vidonge kwa vidole.

Bi Hawa alidhani nimemaliza. "Na siku maumivu yakizidi," akaendelea, "alikuwa anaongeza viwili vya sunna."

Yule daktari aliweka kalamu chini. Hakutugombeza, laiti angetugombeza. Alivuta kiti akakaa mbele ya mavyaa, akamshika mikono. "Mama, nisikilize. Hii dawa si mbaya. Ni nzuri, na kliniki walifanya vizuri kumpea. Lakini haina kulipa. Kama saa imepita, unakunywa ukikumbuka, na kama ile ingine imekaribia, unaachana na iliyopita. Huongezi mbili pamoja. Hii dawa inatoka kwa mwili kupitia figo, na figo inataka maji. Huyu mzee hajakunywa maji mchana wote, amekunywa hii nyingi, na kuna zingine za maumivu zinabana figo. Sasa dawa imekosa njia ya kutoka. Imejaa kwa damu mpaka imefika kwa kichwa."

"Kwa hiyo si jini?" mavyaa akauliza.

"Ni dawa, mama. Hata mwenye figo nzuri anaweza dhurika akifanya hivyo, na huyu figo zake zilikuwa zimechoka kitambo."

Akatuambia kwamba mtu mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo tangu mwanzo, ndiyo maana huulizwa magonjwa yake mengine na dawa nyingine anazotumia. Swali lile moja la kliniki, Mama. Angejibu kweli tu, haya yote yasingetukuta. Akatueleza pia asili ya mkanda wenyewe. Ni tetekuwanga ya utotoni, haitoki mwilini, hulala kwenye mishipa ya fahamu miaka na mikaka kisha huamka mtu akizeeka au akichoka. Na hakuna ncha za kukutana. Nilifikiria ile kamba ya dukani nikashindwa hata kulia.

Wakasimamisha vile vidonge na diklofenaki, wakamtundikia maji ya mshipa. Daktari akasema figo zisipozinduka watamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Tukawa tunakaa naye kwa zamu. Mara alikuwa anafukuza ng'ombe shukani, mara ananiuliza kwa nini chai haijachumwa. Nilikuwa namjibu tu, nasema imechumwa, mzee, imepelekwa. Yusufu alitoka nje kila babake alipoanza kusema, na macho yake yakirudi mekundu sikumuuliza kitu.

Halafu taratibu akili ikaanza kurudi. Muuguzi alimuuliza mimi ni nani. Akanitazama kwa dharau yake ya zamani akasema, "Huyu ni mke wa Yusufu. Pilau yake ina bizari nyingi." Nilishukuru kwa tusi hilo kuliko nilivyowahi kushukuru kwa sifa. Vipimo vikaonyesha figo zimeanza kuzinduka bila mashine, na jana wameturuhusu twende nyumbani, kwa sharti. Anywe maji mchana kutwa, kidogo kidogo. Asiguse dawa ya maumivu ambayo daktari hajaijua. Arudi kupimwa damu. Akikojoa kidogo au akianza tena kuchanganyikiwa, tumkimbize.

Sasa hapa ndipo tulipokwama, Mama. Hanywi.

Tangu adhana ya alfajiri hajatia tone mdomoni. Bi Hawa amemsihi, Yusufu amempigia magoti. Tukamwita shehe wa msikiti wetu, akaja akakaa kitandani kwake, akamwambia mgonjwa ameruhusiwa, na kwa mzee wa hali yake kulisha masikini kunatosha, na Mola hataki kutukalifisha. Mzee akasema, "Nimefunga tangu nina meno ya utoto. Unataka nikutane na Mola wangu na bilauri ya maji mkononi, mchana wa Ramadhani?"

Shehe akamjibu, "Ukiendelea hivi utakutana naye kabla hujaitwa."

Tulidhani hilo litamlainisha. Akageukia ukutani. Asubuhi amekojoa kidogo sana, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na amemwita Yusufu kwa jina la ndugu yake yeye mzee, aliyekwisha kufa. Labda ulikuwa usingizi tu. Yusufu ameenda kutafuta gari, akirudi tutamrudisha hospitali, na safari hii sijui kama figo zitatusamehe. Nakuandikia nikiwa nimekaa nje ya mlango wa chumba chake, kwa sababu nikikaa bure nitapiga mayowe.

Mama, na wewe unijibu kweli, usinitanie. Ile dawa yako ya presha, ya asubuhi na ya mchana, Ramadhani unaimezaje? Usiniambie unailipa. Rukia akimaliza kukusomea hapa, akusanye dawa zako zote, pamoja na zile unazozificha chini ya mto, mwende kwa daktari mumuulize namna ya kufunga nazo, au kama ufunge. Yeye ndiye aamue saa na kipimo, si wewe wala mimi.

Nisalimie Kaka Omari, mwambie watoto wa dada yake wanamdai vitabu vya hadithi alivyowaahidi. Mpe salamu Shangazi Mwanajuma, mkubwa wetu, aniombee dua, na mumewe fundi cherehani. Msalimie mjomba Athumani muuza mkaa. Rukia mdogo wangu, asante kwa kusoma, na ukifika mahali pa siri ya bavyaa wangu ushushe sauti.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Salma.

Mama, bahasha sijaifunga bado. Nilikuwa naandika jina lako juu yake nikasikia ananiita kutoka ndani. Nikaingia. Msikitini walikuwa wanaadhini alasiri. Alikuwa amejiinua amekaa, midomo imempasuka, na amevaa kofia yake ya swala.

"Mwanangu," akaniambia, "funga mlango huo." Nikaufunga. Akaiitikia adhana mpaka ikaisha. "Nipe maji."

Nilimimina kwa haraka, mengine yakamwagikia shuka. Akaishika bilauri kwa mikono miwili, akasema Bismillahi kwa sauti, akanywa huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Sikujua nitazame wapi. Alipoimaliza akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaninyooshea bilauri ile tupu.

"Ongeza," akasema.