Nyumba ya Mnara ya Veronika

Jumatatu, 7 Julai. Gitega.

Soko, mahakama, soko tena. Maharage yamepanda. Mafuta ya gari hakuna; mstari wa magari unaanzia kituoni na kupita msikiti. Nimeandika aya tatu kuhusu mstari huo. Ni aya zilezile za mwezi uliopita. Nimebadilisha dereva.

Mchana mhariri ameniita. Kuna mtu anayemsumbua, Lorenti, mmoja wa waliorudi kutoka kambi za Tanzania. Anakaa Bugendana, ukweni. Anadai ukoo wake ulikuwa na ngome Muyinga: nyumba ya mawe, mnara, handaki. Mhariri anataka historia ya nyumba hiyo, kurasa mbili. Amesema watu wamechoka kusoma habari za mafuta.

Nimekubali. Siamini. Muyinga nimeizunguka miaka mingi na mnara niliouona ni wa simu.

Jumatano, 9 Julai. Gitega.

Lorenti amekuja nyumbani kwangu, mtaa wa Waswahili. Ametembea kutoka Bugendana. Viatu ameviacha mlangoni bila kuambiwa. Amepita hamsini, mrefu, Kiswahili cha Kigoma kilichonyooka. Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, Veronika. Nyumba hajawahi kuiona. Anaijua kwa maneno ya mama, aliyeisimulia kambini kila jioni mpaka alipokufa.

Nimeandika kama alivyosema.

Ngome ilijengwa na babu wa mababu, kwa kuogopa wanyang'anyi walioshuka milimani kila mavuno. Ukuta mnene, mtu mzima aliweza kulala kwa upana wake. Mnara wa mraba, upande wa kushoto. Madirisha ya chini membamba, ya kupitisha mshale tu. Handaki la maji kuzunguka nyumba yote. Lilipokauka, mbuzi walilishwa humo. Wanyang'anyi waliwahi kuizingira msimu mzima, watu wa ndani wakala nyumbu wao wa mizigo. Mwana wa mjenzi aliongeza kanisa dogo, kwa kuwajutia aliowaua. Mjukuu alicheza karata. Shamba la mtoni likaenda. Binti mmoja alifungiwa mnarani na kaka zake mpaka akubali mume waliyemchagulia. Walipofungua, nywele zimefika kiunoni na jibu ni lilelile. Milimau ilipandwa kwenye mitungi, ikaingizwa ndani wakati wa baridi.

Nimemuuliza nyumbu walitoka wapi. Hajui. Nimemuuliza ni nani Muyinga anayeingiza mlimau ndani kwa sababu ya baridi.

"Dada Hadija, baridi ya Muyinga umewahi kulala nayo?"

Amecheka. Mimi pia.

Kisha amesema kilichomleta. Bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, wanamwambia kwao ni shamba la migomba la baba yake, Simoni, fundi wa matofali. Desturi ni moja: anayedai ardhi hutembea mpaka wake kwa miguu yake, mbele yao. Asiyetembea amekataa. Ameitwa mara mbili, mara mbili amekataa. Ijumaa ya wiki ijayo ni mara ya mwisho. Akikataa, shamba linabaki kwa mwanamke anayelilima. Lorenti ana watoto wanne na hana hata tuta moja la kwake.

"Nikitembea migombani, nimesema mbele ya watu kwamba mama yangu alikuwa mwongo."

Anataka niipate nyumba kabla ya Ijumaa hiyo.

Ijumaa, 11 Julai. Gitega.

Sala, kisha simu. Hakuna anayeijua ngome hiyo. Mwalimu wa historia amenieleza kwa subira: watawala wa zamani walijenga kwa miti na nyasi, ndani ya ua, mkuu akifa, ua unaachwa na miti ya ua inaota. Mawe hapana. Handaki hapana. Nimemwamini.

Lakini tayari najua ngazi ya mnara inaanzia wapi. Najua chumba kipi kinanuka unga.

Ninalala katika chumba nilichozaliwa. Meza yangu iko palipokuwa cherehani ya baba. Watu husema ni bahati. Sijawahi kuwa mbali na kwetu kiasi cha kukutamani. Namwonea wivu Lorenti. Ni upuuzi, lakini ndivyo.

Jumatatu, 14 Julai. Muyinga.

Magari mawili kupitia Karuzi. La kwanza likaishiwa mafuta njiani. Shamba la Simoni liko mteremkoni, chini ya misheni. Migomba, kahawa kidogo, miyenzi ya ua wa mpakani imekuwa miti. Hakuna jiwe hata moja lililochongwa.

Anayelima ni Goreti, mjane, muuza ndizi mjini. Hakunificha kitu.

"Baba yake ilikuwa fundi, kila mutu anajua. Yeye anakuja kutuuliza mnara. Mnara iko wapi? Mi nimujengee na migomba?"

Nimemuuliza anataka nini.

"Akitembea mupaka, mi natoka. Nachukua mavuno yangu, basi. Asipotembea, iko yangu. Mi siwezi kumubembeleza mutu mukubwa."

Kisha amenionyesha mahali, kati ya migomba. Mwaka ule wa mauaji, watu walipokimbia, Simoni alichukuliwa hapo. Veronika alikuwa ndani na mtoto. Alitokea mlango wa nyuma na hakurudi tena. Mama mkwe wa Goreti aliona. Goreti amesema yote haya huku akivunja majani makavu, bila kuninyanyulia macho.

Jumanne, 15 Julai. Muyinga.

Misheni. Nilikwenda kuuliza habari za Simoni, kwa kuwa alifyatua matofali yao. Nimepokewa na mtawa mzee, Sista Anunsiata.

Koridoni, kati ya picha za maaskofu, kuna picha moja kubwa iliyofifia. Nyumba ya mawe. Mnara wa mraba, kushoto. Madirisha membamba. Handaki lenye nyasi, mbuzi ndani yake. Milimau kwenye mitungi.

Nimefungua daftari, nikalinganisha na maneno ya Lorenti.

Sista amenieleza. Ni kwao Padri Vitorio, Italia. Akina Ardovanti, watu wa ukoo mkubwa. Yeye alikuwa mtoto wao wa mwisho. Alikuja Muyinga kijana na amezikwa Muyinga. Nyumba ilipouzwa na kaka zake alipata habari baadaye, siku hiyo hakula. Veronika alikuwa mpiga pasi wa misheni. Padri alikuwa akija katika chumba cha pasi, anakaa kwenye kikapu cha nguo, anasimulia: wanyang'anyi, nyumbu, binti wa mnarani. Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Wasichana wengine wakimwona anakuja walikimbilia jikoni.

"Veronika peke yake alikuwa anamusikiliza. Na pasi ya makaa haina haraka."

Basi nyumba ipo. Si ya Lorenti. Padri aliitamani hapa, Veronika akaichukua, akavuka nayo, akampa mwanawe.

Jumatano, 16 Julai. Muyinga.

Sijaandika hata mstari wa makala.

Kazi yangu ni kusema kilichotokea, si kukisukuma. Nimeishi hivyo na nimelala vizuri. Lakini nikinyamaza, Ijumaa atadai mnara, watacheka, shamba litakwenda, watoto wake watalima vya watu. Nikisema, namnyang'anya nyumba. Mama yake hakumwachia kingine.

Nimejiuliza kwa nini Veronika hakumtajia migomba. Nadhani najua. Katika nyumba ile ya mawe hakuna mtu wake aliyefia.

Nitasema.

Alhamisi, 17 Julai. Muyinga.

Lorenti amefika mchana, shati jeupe limekunjwa kwenye mfuko kwa ajili ya kesho. Nimemwambia tukipanda kwenda misheni, kwa maneno machache, nikitazama njia. Padri. Pasi. Italia. Nimesikia tu hatua zake zinabaki nyuma.

Koridoni amesimama mbele ya picha. Sista akaleta kiti, hakukaa. Amenyoosha kidole, bila kugusa kioo, akakipitisha kutoka lango hadi ngazi, kutoka ngazi hadi mnara. Akasema jiko liko nyuma, kwenye picha halionekani.

Kisha: "Kwa hiyo ipo."

Nikasema ipo.

"Hakunidanganya."

Nilitaka kumsahihisha. Alimdanganya: alisema ni kwao. Nimesahihisha watu maisha yangu yote, mawaziri pia. Hapo sikuweza.

Ameondoka bila kuaga. Shati amelisahau. Sista amelipiga pasi, ya umeme. Sijui kama kesho atakuja. Naogopa kwamba sijamsaidia mtu.

Ijumaa, 18 Julai. Muyinga.

Bashingantahe wameketi tangu asubuhi, kwenye nyasi juu ya shamba. Goreti amekuja na jembe lake. Lorenti hayupo.

Nestori, mkubwa wao, amesema wasubiri kivuli kifike kwenye kahawa. Kimefika. Akaongeza: kifike kwenye njia. Kimefika. Wanaume wakasimama, wakajipangusa suruali. Nimemtazama Goreti kwa makusudi, nijue kama anafurahi. Hakufurahi. Alikuwa akitazama njia.

Lorenti ametokea upande wa makaburi ya misheni. Magoti yana udongo. Amewasalimu wazee mmoja mmoja. Nimempa shati; amelivaa pale pale, juu ya fulana.

Nestori: "Leo ni mnara ao ni migomba?"

"Ni migomba, mzee wangu."

Ametembea. Alianzia kwenye kahawa, miyenzi kulia kwake, wazee nyuma. Hakuijua njia, lakini kwa kuwa miyenzi haijakatwa miaka mingi, aliifuata kama mtu anayefuata ukuta. Kuna mahali Goreti amesema polepole, "Ni hapa." Amesimama. Nestori akavua kofia, wengine wakafuata. Kisha Lorenti ameendelea mpaka alipoanzia.

Limekwisha. Pombe ya ndizi imeletwa. Mimi nimepewa Fanta. Nestori hakuweza kujizuia, akauliza mbele ya wote, na mnara je, bwana mukubwa?

"Mwenye mnara amelala kule juu," Lorenti akasema. "Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimpelekea habari za kwao."

Wamecheka sana. Goreti amecheka kuliko wote, na jembe ameliacha limeegemea mgomba.

Jumamosi, 19 Julai. Gitega.

Mhariri ameuliza kama ngome ipo. Ipo, Italia. Na huyu mtu? Amepata shamba la baba yake. Amesema shamba la migomba si habari, kila wiki mtu hupata moja na mwingine hukosa moja. Kweli. Sikubishana.

Jumatatu narudi kwenye mstari wa mafuta.

Historia nimeiandika yote hata hivyo, kuanzia mjenzi hadi Veronika. Sijui imwendee nani. Kaka wa Padri wameiuza nyumba, Veronika hana kaburi hapa. Nimeikunja.

Leo nimekaa sana kwenye meza ya cherehani. Nimejaribu kukumbuka sauti ya baba. Nimeipata miguu yake tu, ikikanyaga.

Jumapili, 5 Oktoba. Muyinga.

Nimekuja kwa habari nyingine, ya kahawa. Nimepita kwa Lorenti.

Amejenga. Matofali mabichi, bati. Mke na watoto wamehamia wiki iliyopita; leo wako kanisani. Goreti amebakiwa na mstari wa migomba upande wa chini. Lorenti mwenyewe amemwachia, bila wazee. Goreti amenidaka njiani kabla sijafika. "Mama Hadija, utaona nyumba gani hiyo. Inapatia watu mugongo."

Ni kweli. Shamba lina nafasi, nyumba ni ndogo mno kwa watu sita. Mlango ni mfupi, nimeinama. Haukuelekea njiani, umeelekea migombani, mawio. Kulia mafiga. Karibu na mafiga, benchi la udongo lililoshikana na ukuta, la kukaa mtu mmoja.

Nimemuuliza Lorenti vipimo amevitoa wapi. Mtoto wa fundi hajengi hivi.

Amesema ndivyo kilivyokuwa kibanda chao kambini. Ameupima mlango kwa bega lake. Mke wake amelalamika, majirani wanacheka. Yeye mwenyewe alikusudia kujenga nyumba ya kawaida, kamba alizifunga. Alipoanza kupanga matofali, mikono ikaenda huko.

"Nilipokuwa kule nilitaka huku tu. Kila jioni. Sasa niko huku."

Mvua imeanza. Nimesogea nikae kwenye benchi, naye akatandika mkeka chini, haraka, upande wa pili wa mafiga. Nimeelewa: ni mahali pa Veronika. Nimekaa mkekani. Naye amekaa mkekani, miguu ameikunja kama watoto wanavyoikunja. Tumesikiliza bati mpaka mvua ikakatika.