Kozi Niliyopewa Bila Kuomba

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya posta.
14 Juni.

Mpendwa binamu yangu Pilipili,

Pokea salamu za nyumba nzima, na kabla hujaguna, ndiyo, najua barua yako imekaa kwangu muda mrefu bila jibu. Hujambo lakini? Shemeji naye hajambo? Na yule mtoto aliyekuwa akiota meno, yameshatoka au bado anawakesha? Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kukiwa na baridi, ila ulimi wake haujashikwa na baridi hata siku moja, na mpaka leo anasema ni wewe uliyevunja birika lake la maua. Mume wangu mzima na amenenepa, usimwambie kwamba nimesema.

Umeniuliza kikohozi changu kimeishia wapi. Nadhani kimeisha. Jinsi kilivyoisha ni habari ndefu na siwezi kuianzia mwishoni, kwa hiyo vuta kiti.

Unakumbuka miaka yote niliyokuwa naililia kozi? Kila mwaka chuo hutoa nafasi kwa sisi maafisa maendeleo ya jamii, sisi tunaozunguka mitaani kufundisha vikundi, ili nasi tufundishwe: namna ya kuongoza mkutano, kupanga mradi pamoja na wananchi, kupima kama mradi umemsaidia mtu au umeishia kwenye picha. Kila mwaka niliomba, na kila mwaka nafasi ilikwenda kwa Bwana Semina, mwenzangu wa meza ya pili. Huyo mabegi aliyopewa kwenye semina yanatosha kufungulia duka. Akirudi anakuja na begi jipya, kofia mpya na maneno mapya mawili matatu, na vikundi vyake vinaendelea kufa kama kawaida. Mimi nabaki na vikundi vyangu vilivyo hai na cheti nilichopata kabla sijaolewa.

Mwaka huu nikasema basi. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Sikuomba, sikuuliza, wala sikupita karibu na ubao wa matangazo.

Na mwaka huu, binamu, ndio nikapewa.

Mkuu wa idara aliniita ofisini kwake akanikaribisha kiti. Hapo tu nikashtuka, maana kiti kile huwa kimejaa mafaili, na siku hiyo mafaili yalikuwa sakafuni. Akaniuliza habari za mama. Miaka yote ya kazi yule bwana hajawahi kuonyesha kwamba anajua nina mama. Kisha akasema nimeteuliwa kwenda kozi ya wiki sita, kila kitu juu ya ofisi, na niondoke mwisho wa mwezi. Nimpe jibu kufikia Ijumaa. Alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Wewe ndiye uliyeniita Bi Mashaka tukiwa wadogo, kwa kuwa nilikuwa nachungulia bakuli lako kabla sijala la kwangu. Basi ujue sijapona. Mtu aliyekunyima miaka nenda rudi akikupa ghafla, shukrani zisubiri kwanza.

Nikajiuliza, mimi nikiondoka wiki sita, nani atafaidi? Jibu halikuchelewa. Kuna kikundi changu cha sabuni, akina mama wa kile chumba nyuma ya soko, ambao nimekuandikia habari zao mara nyingi mpaka ukaniambia nikuletee sabuni au ninyamaze. Ametokea mfanyabiashara wa jumla anayetaka kununua sabuni yao yote. Sharti lake ni kwamba wasimuuzie mtu mwingine yeyote, na kwenye karatasi ya kufungia liandikwe jina lake, la kwao lisionekane. Kwangu mimi huo ni mtego uliopakwa asali. Mtu akishika mlango wako wa pekee wa kuuzia, siku akiufunga utakula sabuni. Na yule bwana nilishamwona kwa macho yangu haya ameegesha gari mbele ya ofisi yetu, anateta na Mkuu dirishani, wanacheka.

Mimi nikiwapo, mkataba ule haupiti. Mimi nikiwa chuoni, paka ameondoka na panya watatawala. Ndivyo nilivyoyapanga mambo kichwani, na yalipangika vizuri sana.

Nikaanza kupeleleza. Bwana Semina alinipongeza kwa mikono miwili, akaniazima begi moja la kusafiria, zuri, lenye magurudumu. Nikalikagua mifuko yote. Kesho yake nikamkuta amekaa kwenye kiti changu, eti anajaribu mwanga wa dirishani. Hata mume wangu nikamtilia shaka. Nilipomwambia habari ya kozi alifurahi upesi mno. Akasema, "Nenda mke wangu, upumzike, na sisi tupumzike." Nikamuuliza, sisi nani? Akasema chai inapoa.

Siku iliyofuata ndipo nilipokatwa maini. Nilikuwa napanda ngazi za ofisi, nikawaona wanatoka kwa Mkuu mwenyekiti wa kikundi cha sabuni na mweka hazina wake. Mwenyekiti amevaa gauni lake la sherehe, lile la kola nyeupe ambalo halivai bure. Waliponiona wakasimama kama watoto waliokutwa jikoni. Akasema, "Habari za kazi, mwalimu," wakashuka haraka bila kungoja jibu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijifungia chooni, nikafungulia bomba, nikalia. Sikuona haya kulia, na sioni haya kukuandikia. Wale akina mama nilikuwa nao tangu sabuni yao ya kwanza ilipokataa kuganda ikabaki uji kwenye beseni. Nilikuwa nao walipogombana, waume zao walipowacheka, na mweka hazina wa kwanza alipohama bila kuaga. Leo wameuzwa, au wamejiuza, na mimi ndiye ninayesafirishwa ili nisione.

Sikuweza kungoja. Alhamisi nikaenda huko nyuma ya soko bila kuwaarifu.

Lakini kwanza nikueleze desturi moja ya kazi yetu, usije ukapotea njiani. Kikundi kinapofika mahali pa kuamua, sisi tunaowafundisha hutoka nje. Kila mwanachama hushika kokoto moja, na mezani huwekwa sahani mbili za bati, moja ya ndiyo na moja ya hapana. Afisa akibaki ndani watu watamtazama usoni, na uamuzi utakuwa wake. Mimi sheria hiyo sijawahi kuivunja. Hutoka kila mara, nikasimama nje ukutani, pale chini ya dirisha, nikingoja mlio wa kokoto kwenye bati. Bwana Semina hukaa ndani mpaka mwisho, na nilikuwa namsema sana kwa hilo.

Basi nikaingia. Walikuwa wanakata sabuni kwa waya, harufu ya mafuta imejaa chumba. Nikasimama katikati, sikusalimu, nikauliza nani amewanunua.

Mwenyekiti akaweka waya chini, akajifuta mikono kwenye aproni taratibu.

"Hakuna aliyetununua, mwalimu. Ni kweli tulikwenda kwa Mkuu, na si mara moja. Sisi ndio tuliomba upelekwe kozi."

"Nani kawatuma?"

"Kikohozi chako."

Nikadhani nimesikia vibaya. Mweka hazina alikuwa ameshaziba mdomo kwa aproni, mabega yanamtikisika.

"Wewe ukitoka nje unasimama pale dirishani," mwenyekiti akasema. "Mtu akisema neno usilolipenda, unakohoa. Tukinyoosha mkono kwenye sahani usiyoitaka, unakohoa. Tukihama sahani, kifua kinapona. Wageni wakija kutuuliza tunaamuaje mambo yetu, tunasema kwa kokoto. Lakini humu ndani sikumbuki tulichowahi kuamua. Huwa tunasikiliza kifua chako tu."

Nikafungua mdomo niseme huo ni uongo. Na hapo hapo, binamu, naapa sikukusudia, nikakohoa.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Kuna mama mmoja mzito aliyelazimika kukaa juu ya ndoo. Mimi nilisimama masikio yakiniwaka.

Walipotulia, mwenyekiti akanisogelea, akanishika mkono kwa mkono wenye sabuni. "Hukufanya ubaya," akasema. "Ila ulitufundisha tusimame wenyewe, na sisi tunataka tujue kama miguu tunayo. Kozi ulikuwa unaitaka, kila mwaka ulikuwa unatulilia hapa. Tukamwambia Mkuu ampeleke mwalimu wetu, na iwe mbali kidogo, mahali ambapo kikohozi hakifiki."

"Na yule mfanyabiashara?" nikauliza. "Mtamkataa, sivyo?"

"Unaona sasa? Umekohoa tena, ila safari hii kwa maneno."

Nilirudi nyumbani nimenuna, sitakudanganya. Nikamsimulia mume wangu nikitegemea atakasirika pamoja nami. Akainamisha uso kwenye sahani yake. Nikajua. Nikamwambia aseme. Akasema kwamba katika nyumba hii hakuna hata kiti kilichowahi kuhamishwa bila kifua changu kutoa idhini, na kwamba daktari alipotuambia mapafu yangu ni safi, yeye hakushangaa. Mama naye, kutoka chumbani kwake ambako tulidhani amelala, akadakia kwamba nilianza nikiwa na miaka saba. Kumbe wote walijua. Na wewe pia nadhani ulijua, ndiyo maana unaniulizia kikohozi kila barua na hujawahi kunitumia dawa.

Ijumaa nikamwambia Mkuu nitakwenda. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza ukweli tangu mwanzo. Akasema akina mama walimwomba asiseme, waliogopa nitaumia. Nikamuuliza na yule mfanyabiashara anamchekea nini dirishani. Akanitazama kama mtu asiyenielewa, akasema huwa wanazungumza habari za mpira. Labda. Jicho langu bado liko kwake.

Na sasa nikuambie kinachoniuma kweli. Bado naamini ule mkataba ni mtego. Sikubadilisha mawazo kwa sababu ya kuchekwa. Wanaweza kukosea, binamu, wakapoteza kila walichojenga, na mimi nitakuwa darasani na kalamu mkononi nafundishwa namna ya kuwaachia watu waamue mambo yao. Usingizi ulinikimbia kwa hilo moja tu.

Jana waliniita kwenye mkutano. Nilidhani ni wa kuagana. Mwenyekiti akasema hawataki kungoja nisafiri, watapiga kura ya mfanyabiashara siku hiyo hiyo nami nikiwapo, maana si wao peke yao wanaojaribiwa. Akanifungulia mlango mwenyewe.

Nikatoka. Miguu ilikwenda yenyewe mpaka pale dirishani, imeizoea njia. Nikaivuta. Nikapita geti, nikavuka barabara, nikaenda kukaa kwenye benchi la fundi viatu upande wa pili. Pale husikii kokoto, husikii neno, unaona mlango tu, na mlango ulikuwa umefungwa. Kikohozi kikaja. Kikapanda mpaka machozi yakanitoka. Fundi akaniuliza kama nataka maji, akanipa kikombe, nikanywa yote, nikakimeza kikohozi pamoja na maji.

Walikaa humo muda mrefu kuliko siku zote nilizowafahamu. Sauti zao zilipanda mpaka nikaona fundi amegeuza kichwa, kisha zikashuka. Mwishowe mlango ukafunguka, mwenyekiti akatoka barazani, akanitafuta pale ukutani pangu pa siku zote. Hakuniona. Akatazama huku na huku mpaka akaniona ng'ambo ya barabara, akasimama kidogo, kisha akaninyooshea mkono juu, akacheka kwa sauti hata mimi nikamsikia. Nikamnyooshea wangu. Halafu, binamu, mimi huyu unayenijua, niliyefungua mifuko yote ya begi la watu, nikainuka nikaenda nyumbani kufunga nguo zangu. Sikumuuliza waliamua nini, na mpaka naandika hivi sijui.

Begi la Bwana Semina nimemrudishia. Droo yangu ya ofisini nimeifunga na ufunguo nasafiri nao, maana kuamini watu kwa mwezi huu nimeamini vya kutosha.

Nisalimie shemeji, na mbusu mwenye meno mapya. Shangazi nampigia magoti, mwambie mama anangoja zile picha alizoahidi. Mume wangu anakusalimu, mama anakusalimu na kukukumbusha birika. Nikifika chuoni nitakutumia anwani ya bweni. Mungu awafunike, awape riziki ya halali na usingizi wa kutosha, na njia zenu zote ziwe na mwanga.

Ukinijibu, usiniulizie tena kifua changu. Niulize kama nimeweza kunyamaza.

Wako akupendaye kwa dhati, mashaka na yote,
Binamu yako, Bi Mashaka.