Ukurasa Niliouweka Kwenye Droo

Chang'ombe,
S.L.P. 2716,
Dodoma.
11 Agosti 1996

Mpendwa mdogo wangu Khairat,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Bergen, na baridi inakutendeaje? Umeshapata koti zito, au bado unajifunga khanga mbili juu ya sweta? Sisi wazima, alhamdulillahi. Ami, baba yako, magoti yanamsumbua, lakini msikitini anafika kwa miguu yake, na ukimpa pole anakasirika. Upepo wa Agosti umeanza, vumbi mpaka kwenye sukari.

Duka la dawa linakwenda. Siku hizi kila mtu anaruhusiwa kuagiza bidhaa, basi vitamini zimejaa mpaka kwa wauza viatu. Nami nilileta vitamini E, vile vidonge laini vya rangi ya dhahabu, vikawa vinanitazama tu rafuni. Aibu yangu inaanzia hapo. Nakuomba uisome hadi mwisho.

Unakumbuka barua yako ya Aprili? Ulieleza kwamba maabarani mnaweka seli za ini la panya kwenye visahani, mnazitia sumu ya kuvu, na nyingi zinakufa. Lakini zilizotangulizwa vitamini E zinasalia hai nyingi zaidi. Nilijaa fahari, nikaubandika ukurasa huo dukani. Ukurasa wa pili, ulipoonya kwamba kisahani si mtu, na kwamba karanga zenye kuvu ni za kutupwa, niliutia kwenye droo. Sikuusahau, Khairat. Niliuficha.

Mwezi wa Mei akaja Raheli, yule mama wa Mvumi aliyekuwa akituuzia kunde ulipokuwa shule. Mvua ya mwisho ilizinyeshea karanga zake zikiwa zimeanikwa. Unajua mambo ya sasa: wanunuzi binafsi wanafika hadi uani kwa mtu, wanachagua nzuri, zenye kuvu zinabaki kwa mwenyewe. Naye anazitwanga za kuungia mlenda, maana zikishatwangwa kuvu halionekani. Aliniuliza kama zina madhara, kwa kuwa mumewe, Sila, anazipenda mno. Nikamsomea ukurasa wako pale ukutani. Nikamwambia waendelee kula, ila Sila atangulize kidonge kimoja kila siku. Akaondoka na makopo mawili.

Sila yuko hospitali ya kwao Mvumi, wiki ya tatu sasa. Macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Daktari anasema ini limeumia vibaya, na ameuliza mara mbili mgonjwa alikuwa anakula nini. Raheli ametaja ugali na mlenda. Karanga hakuzitaja, kwa sababu mimi nilishamhakikishia hazina neno.

Juzi nilikwenda kumwona. Nilimkuta Raheli anamlisha mlenda wa karanga zile zile, kaupika nyumbani kauleta wodini.

"Mbukwa, baba Salwa," akanisalimu kwa Kigogo mbele ya wagonjwa wote. "Bila dawa yako huyu tungeshamzika. Niletee kopo jingine."

Nikaitikia kwa kichwa, nikatoka. Mtu mzima na ndevu zangu, nilishindwa kusema: mama, mwondolee hicho chakula. Niliogopa watu wa mjini watasema nini. Siku mbili nimelala na jambo hilo, na siku mbili Sila ameendelea kulishwa. Najionea haya hata kuandika.

Nimekuandikia wewe kwanza kwa sababu elimu yako ndiyo niliyoichuuza. Gari la Mvumi linaondoka saa mbili asubuhi hii, nami nimo, nikawaambie ukweli. Bahasha naiacha wazi ili usije ukapata barua yenye ahadi tupu.

Mama yako, Bi Mwantum, anakusalimu sana, na Stara mke wangu, na mwanetu Salwa ambaye sasa anajua kuandika jina lako. Mola akulinde ugenini, na elimu yako aiepushe na mikono kama yangu.

Ni mimi nduguyo akupendaye, ingawa leo sina uso,
Nasri

Saa kumi jioni. Nimewaambia, Raheli na daktari. Raheli hakunitukana. Alikiweka kijiko chini, akamtazama mumewe, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa namlisha sumu?"

Nikamwambia hapana, mama, ni mimi. Sidhani kama alinisikia.