Shibiri Tatu za Mguu wa Idrisa

Baba yangu mpenzi,

Leo ni wiki ya sita tangu niolewe, na bado nikiamka asubuhi nacheka peke yangu. Idrisa huniuliza, "Unacheka nini, bibi harusi?" Namjibu sicheki kitu. Ukweli ni kwamba namcheka yeye, alivyojikunja ndani ya mablanketi mawili kwa baridi hii ya Mbeya, huku ukungu umeuficha mlima wote wa Loleza. Laiti ungeniona, Baba! Nina nyumba ya vyumba viwili jirani na posta alikohamishiwa kazi, nina sufuria zangu mwenyewe, nina mume anayeniimbia akinyoa ndevu. Anaimba vibaya sana. Nampenda mpaka naona haya kuandika.

Lakini wiki iliyopita ilikuja barua kutoka Iringa, nami tangu hapo sina raha kamili. Kapteni wa timu ya mpira wa magongo anataka ukurasa mmoja kuhusu wewe. Watautia kwenye fremu ya kioo na kuutundika katika chumba wanachovalia wachezaji, ueleze jinsi marehemu fundi wetu alivyobuni zile kinga za miguu za golikipa. Anasema mimi ndiye binti yako, tena nimesoma mpaka darasa la kumi, nani mwingine aandike? Ukurasa unatakiwa uondoke na basi la Jumamosi. Nimekaa mbele ya karatasi siku tatu. Siwezi kuandika jinsi ulivyobuni, Baba, kabla sijakuambia jambo ambalo nilikuficha ungali hai.

Nakuona kama ulivyokuwa, umekaa kwenye kigoda mlangoni pa duka letu, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, uzi wa nta meno yakiushikilia. Watu walikuletea viatu, mikoba, hata tandiko la punda wa misheni. Ila kazi uliyoipenda ilikuwa zile kinga. Ulipasua mianzi ukaipanga fito kwa fito, ukajaza sufi, ukafunika kwa ngozi ya ng'ombe. Mzee Mgaya, fundi cherehani wa mlango wa pili, hakukosa neno.

"Kamwene, fundi! Mianzi hiyo si ya kugemea ulanzi? Mpira ukiigonga utalewa."

"Ukilewa ndiyo vizuri," ulimjibu, "hautaliona goli."

Na hukumkabidhi mtu kinga kabla hujazivaa mwenyewe. Ulisimama kwenye ukuta wa nyuma, kanzu umeikunja kiunoni, Mzee Mgaya akakupigia mpira kwa gongo kwa nguvu zake zote. Ukiumia, ulizifumua. Usipoumia, ulisema, "Haya, sasa ni za mtu." Hata sasa sijui fundi mwingine aliyeweka miguu yake mwenyewe mbele ya kazi yake.

Sasa nisikilize, Baba.

Ilikuwa Ijumaa, nawe ulikuwa msikitini. Mimi nilikuwa likizo, nimekaa dukani naangalia mali. Akaingia karani mmoja wa posta, mrefu, kofia mkononi, akasema ameambiwa awe golikipa wa timu na mechi ni Jumapili ya wiki inayofuata. Alikuwa anaondoka saa ileile na lori la barua kwenda Chimala, asingerudi mpaka Jumamosi, siku moja kabla ya mechi. Alitaka apimwe. Nilimwambia fundi hayupo. Akasema, "Basi nipime wewe, dada, au nikacheze na miguu mitupu?"

Nilijua haifai. Lakini aliweka mguu juu ya benchi, akageuza uso kutazama barabarani ili nisione haya, na kwa kule kugeuza uso tu, Baba, nilikuwa nimekwisha. Nilimpima kwa shibiri zangu, mkono wangu ukipita hewani kando ya suruali yake, hata uzi wa suruali haukunigusa. Shibiri tatu kamili, kutoka kwenye kiatu mpaka juu kidogo ya goti.

Uliporudi nikakuambia, "Kuna karani amekuja. Shibiri tatu."

"Nani kampima?"

"Kajipima mwenyewe, Baba."

Huo ndio uongo wangu. Ukakata ngozi kwa shibiri tatu za mkono wa mwanamume, mkono wako mpana ule, nami nilikuona unakata nikanyamaza. Nilidhani tofauti itakuwa ndogo. Idrisa alipozivaa ile Jumamosi zilimfika katikati ya paja. Hakuweza kukunja goti. Alitembea kama mtu aliyefungiwa milango miguuni. Mzee Mgaya alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

Wewe hukucheka. Ulimwuliza, "Kijana, wewe ni karani. Hujui kuhesabu mpaka tatu?"

Idrisa aliniangalia mara moja, haraka. Nilikuwa nachungulia kando ya pazia. Kisha akasema, "Nimekosea, mzee. Nilipima vibaya."

Baba, wasichana wengine hupewa khanga, hupewa marashi. Mimi nilipewa hilo.

Ulitaka kuzikata, lakini mianzi ilikwisha shonewa ndani na mechi ilikuwa kesho yake. Ukazikalia mchana kutwa. Ukafumua palipo goti, ukaikata mianzi hapohapo, ukatia ngozi laini ya mbuzi yenye mikunjo, ili goti lipinde na ile sehemu ya juu ibaki imesimama. Ukazivaa. Ukapigwa mpira. Ukasema, "Mpe mjinga wako," nami moyo ukaruka kwa lile neno "wako," ingawa ulikuwa unasema na Mzee Mgaya.

Kwenye mechi watu walimzomea. "Golikipa kavaa magodoro!" Mpaka mpira ule mkali ulipoinuka kutoka ardhini ukampiga juu ya goti, palepale ambapo kinga za zamani hazikufika, palepale ambapo golikipa aliyemtangulia alivunjika akaacha mchezo. Idrisa aliusukuma kwa mguu, akasimama wima. Walewale waliomzomea wakampigia makofi. Baada ya hapo zikaja barua kutoka Mbeya, kutoka shuleni, kutoka misheni, zote zikitaka kinga ndefu za fundi wa Iringa.

Alipoleta posa ulimtania mpaka wazee wakashika mbavu. "Nimpe binti yangu mtu asiyejua urefu wa mguu wake mwenyewe? Akitumwa sokoni je?" Idrisa alicheka, akainamisha kichwa. Uliikubali posa, nashukuru Mungu. Lakini uliendelea kumwita "karani asiyejua kupima" hata ulipokuwa kitandani kifua kimekubana. Mara mbili nilifungua kinywa nikuambie. Mara mbili nikaogopa utauliza kwa nini nilimpima mwanamume dukani peke yangu. Baba mdogo ndiye aliyesimama kuwa walii wangu, wewe ukiwa umekwisha kwenda.

Naye Baba mdogo ameniandikia wiki hii: "Sema tu marehemu aliwaza mwenyewe. Ukisema zilitoka kwenye kosa, watamdharau." Jana nilimsomea Idrisa barua hiyo. Akasema, "Mwache mzee na sifa zake. Mimi huo ujinga nimeuzoea." Nikamwambia mimi sijauzoea. Nikalia, akanifuta machozi kwa mkono wa shati, shati lenyewe nililolipiga pasi asubuhi!

Nimewaza sana. Kosa lilikuwa langu, lakini kosa peke yake lilimfanya mtu ashindwe kutembea. Wewe ndiye uliyekaa nalo mchana kutwa, ukaona lina faida ambayo sisi wote tuliicheka, ukaweka mguu wako mbele ya mpira kujua kama uko sawa. Hiyo ndiyo kubuni. Atakayekudharau kwa hilo hajawahi kushika msharasi.

Basi niliiweka barua hii kando, ukurasa nimeuandika leo, na Idrisa amekwenda kuupeleka kwenye basi. Nimesema yote: Ijumaa ile, benchi, mkono wangu. Watausoma wote Iringa, na Baba mdogo atanuna, nami nitakwenda kumwomba radhi. Kwako naomba radhi hapa, kwa sababu kwako sina basi la kunifikisha.

Nisamehe, Baba. Mkweo anajua kuhesabu mpaka tatu. Alijua tangu siku ile, akakubali kuitwa mjinga miaka yote, ili mimi nisigombezwe na wewe.

Mungu akulaze pema.

Ni mimi binti yako,
mke wa golikipa